Soko la majokofu ya biashara lapanuka duniani, ila bei ya dukani si gharama yote

JOKOFU la nyumbani huhifadhi chakula cha familia moja. Jokofu la biashara huhifadhi mtaji wa mtu. Likizimika usiku mmoja, maziwa huchacha, samaki huoza na aiskrimu huyeyuka, na hasara humwangukia mwenye duka wala si aliyeunda mashine.

Mitambo hii inazidi kuhitajika kote duniani. Kukua kwa miji, kuenea kwa supamaketi na biashara ya kimataifa ya vyakula vibichi ni miongoni mwa sababu kuu. Aidha, sheria mpya zinawalazimu wafanyabiashara wa nchi tajiri kuachana na mashine za zamani na kununua nyingine.

Kwa wanunuzi wa Kenya na nchi jirani, ambao mashine zao nyingi hutoka ng'ambo, mabadiliko hayo yana uzito mkubwa. Mashine inayonunuliwa leo huenda ikafanya kazi kwa miaka 10 hadi 15, na katika kipindi hicho bili za umeme na upatikanaji wa gesi ya kuijaza huweza kuamua iwapo biashara itapata faida au hasara.

Aina za mitambo

Majokofu ya biashara ni mitambo yote ya baridi inayotumiwa kuhifadhi au kuonyesha bidhaa za kuuzwa. Kwa kawaida hugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mashine zinazojitegemea, ambazo huchomekwa tu kwenye umeme zikaanza kazi. Hizi ni pamoja na makabati ya soda yenye milango ya kioo, friza za aiskrimu na mashine za kutengeneza barafu. Kundi la pili ni mitambo ambayo kompresa yake huwekwa nje ya jengo, kama vile vyumba vya baridi vya bucha, hoteli na wauzaji wa maua. La tatu ni mitambo mikuu ya supamaketi, ambapo kompresa kadhaa zilizo katika chumba kimoja hupoza makabati mengi kupitia mabomba marefu.

Zote hufuata kanuni moja. Gesi ya kupozea huingia ikiwa majimaji katika mabomba yaliyo ndani ya kabati, na inapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto la bidhaa. Kompresa huubana mvuke huo na kuusukuma hadi kwenye mabomba ya nje, ambako huachilia joto hewani na kuwa majimaji tena.

Kwa hivyo kazi ya jokofu ni kuhamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Kadiri hewa ya nje inavyokuwa na joto, ndivyo kompresa inavyotaabika na kula umeme zaidi. Hii ndiyo sababu viwango vya kimataifa hupima makabati ya kuonyeshea bidhaa kwa madaraja ya hali ya hewa. Daraja la 3 hupimwa katika chumba chenye nyuzi 25 za Selsiasi, la 4 katika nyuzi 30 na la 5 katika nyuzi 40. Kabati la daraja la 3 linaloridhisha katika duka lenye kiyoyozi huenda likashindwa kazi katika kibanda cha Garissa au Mombasa.

Mahitaji yalivyoanza

Kiu ya baridi ilikuwepo kabla ya mashine. Mwaka wa 1806, mfanyabiashara Frederic Tudor wa Boston, Marekani, alisafirisha kwa meli barafu iliyokatwa katika mabwawa yaliyoganda hadi kisiwa cha Martinique katika Karibea. Kufikia 1833, shehena yake ilikuwa imefika Calcutta, India.

Jacob Perkins alipata hataza ya mashine ya kupoza kwa kubana mvuke mjini London mwaka wa 1834. Katika miaka ya 1870, mhandisi Mjerumani Carl von Linde aliunda mashine zilizotumia amonia, na miongoni mwa wateja wake wa kwanza walikuwa watengenezaji wa bia waliotaka kupika kinywaji hicho hata wakati wa joto.

Biashara ya nyama ndiyo iliyoonyesha uwezo wa teknolojia hiyo kimataifa. Mnamo Februari 1882, meli iliyoitwa Dunedin iling'oa nanga New Zealand ikiwa na maelfu ya kondoo waliochinjwa na kugandishwa. Ilifika London mwezi Mei nyama hiyo ikiwa bado inafaa kuliwa. Tangu hapo wafugaji wa nchi za mbali, kama vile Argentina na Australia, walipata soko la uhakika Ulaya.

Nchini Marekani, duka la Piggly Wiggly lililofunguliwa Memphis mwaka wa 1916 liliwaruhusu wateja kujichukulia bidhaa wenyewe. Utaratibu huo ulipoenea, bidhaa baridi nazo zilihitaji kuonekana na kufikiwa kwa mkono. Mwaka wa 1930, vyakula vilivyogandishwa kwa mbinu ya Clarence Birdseye vilianza kuuzwa kwa majaribio katika maduka 18 mjini Springfield, Massachusetts. Kwa kuwa wenye maduka hawakuwa na friza, ilibidi wapatiwe na waliotaka kuwauzia vyakula hivyo.

Utaratibu huo ungalipo hadi leo. Kampuni za soda na aiskrimu huwapa wenye vioski majokofu yenye nembo zao, mara nyingi kwa sharti kwamba bidhaa za washindani zisiwekwe humo. Kutokana na hali hiyo, sehemu kubwa ya mahitaji ya majokofu madogo huamuliwa na kampuni chache za kimataifa, ilhali anayelipia umeme ni mwenye kioski.

Ukubwa wa soko

Taasisi ya Kimataifa ya Majokofu, IIR, yenye makao yake jijini Paris, ilikadiria mwaka wa 2019 kwamba kulikuwa na mitambo ya baridi ipatayo bilioni 5 iliyokuwa ikitumika duniani. Nyingi kati ya hiyo ilikuwa viyoyozi, vilivyokadiriwa kuwa bilioni 2.6, na majokofu ya nyumbani yapatayo bilioni 2.

Mitambo ya biashara ilikadiriwa kuwa milioni 120. Ingawa idadi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na viyoyozi, kila mtambo hufanya kazi mchana na usiku mwaka mzima, na wa supamaketi moja huweza kuwa na gesi nyingi kuliko mamia ya majokofu ya nyumbani. Kwa jumla, taasisi hiyo ilisema sekta nzima ya baridi ilikuwa na mauzo ya takriban dola bilioni 500 kwa mwaka, iliajiri watu wapatao milioni 15 na ilitumia karibu asilimia 20 ya umeme wote duniani.

Ushindani kati ya watengenezaji umeleta ununuzi mkubwa wa kampuni. Panasonic ya Japani iliinunua Hussmann ya Marekani mwaka wa 2016, nayo Daikin, pia ya Japani, ikaichukua AHT ya Austria mwaka wa 2019. Mwaka wa 2024, Haier ya China, yenye makao yake Qingdao, ilikamilisha ununuzi wa kitengo cha majokofu ya biashara cha Carrier. Italia nayo ina watengenezaji wakubwa kama vile Epta na Arneg.

Kwa wanunuzi, mabadiliko ya umiliki yanaweza kuathiri upatikanaji wa vipuri na huduma za mafundi. Mashine yenye jina linalojulikana huenda sasa inatengenezwa na kampuni tofauti na iliyoijengea sifa.

Masoko mawili tofauti

Soko la dunia linaweza kutazamwa kama masoko mawili. Katika Ulaya, Marekani na Japani, maduka mengi tayari yana mitambo, kwa hivyo ununuzi mwingi ni wa kubadilisha iliyochakaa au iliyopitwa na sheria. Katika sehemu kubwa ya Asia na Afrika, wanunuzi wengi wanapata mtambo wao wa kwanza.

Sheria za umeme zimechangia sana katika soko la kwanza. Marekani ilianza kutekeleza viwango vikali vya matumizi ya umeme kwa majokofu ya biashara mwezi Machi 2017. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia Machi 1, 2021, ulidai kwamba majokofu yanayotumiwa kuuzia bidhaa yatimize viwango vya chini na yawe na lebo inayoonyesha kiasi cha umeme yanachokula. Supamaketi huelewa sababu, kwani baridi inaweza kuchukua hadi nusu ya umeme wote wa duka.

Katika soko la pili, msukumo mkuu ni mabadiliko ya ulaji na ya maduka. Nchini Kenya, Carrefour ilifungua tawi lake la kwanza mwaka wa 2016, na maduka mengine yenye matawi mengi yameendelea kutenga nafasi kwa nyama, samaki, mtindi na mboga zilizokatwa. Nje ya miji, wakulima wa maua, parachichi na maharagwe mabichi yanayouzwa Ulaya hawawezi kufanya biashara bila vyumba vya baridi kuanzia shambani hadi uwanja wa ndege au bandarini.

Hata hivyo, mahitaji halisi ni makubwa kuliko mauzo. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2022 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na UNEP ilisema kwamba tani milioni 526 za chakula, sawa na asilimia 12 ya chakula chote duniani, hupotea kila mwaka kwa kukosa baridi ya kutosha. Iwapo nchi zinazoendelea zingekuwa na mitambo kwa kiwango cha nchi tajiri, tani milioni 144 zingeokolewa kila mwaka.

Gesi zinazopigwa marufuku

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi dukani ni aina ya gesi iliyo ndani ya mashine. Katika muda wa miaka 40 hivi, dunia imebadilisha gesi mara tatu, na kila mara wenye mashine za zamani wamebaki na mzigo.

Gesi za kundi la CFC, kama R-12, zilivumbuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 na kusifiwa kwa kuwa hazikushika moto wala hazikuwa na sumu. Mwaka wa 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba zingeharibu tabaka la ozoni. Mwaka wa 1985, watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo lilikuwa limepungua mno juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal ilitiwa saini mwaka wa 1987, na kufikia 2010 nchi zinazoendelea nazo zilikuwa zimeacha kutengeneza na kununua gesi hizo.

Kundi la pili, HCFC, ambalo R-22 ni miongoni mwake, huharibu ozoni kwa kiasi kidogo. Nchi zinazoendelea zimepewa hadi 2030 kuachana nalo, isipokuwa kiasi kidogo cha kukarabati mashine zilizopo.

Kundi la tatu, HFC, haligusi ozoni lakini linazidisha joto duniani. Kilo moja ya R-404A, iliyotumika sana katika supamaketi, ina athari ya takriban kilo 3,900 za kaboni dayoksaidi katika kipindi cha miaka 100. Ya R-134a ni sawa na kilo 1,430. Gesi hizo huvuja: Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, limewahi kukadiria kwamba supamaketi ya kawaida nchini humo hupoteza karibu robo ya gesi yake kila mwaka.

Ndipo mnamo Oktoba 2016 mataifa yakakutana jijini Kigali, Rwanda, na kukubaliana kupunguza HFC. Marekebisho hayo ya Itifaki ya Montreal, ambayo sekretarieti yake iko Nairobi, yalianza kutumika Januari 1, 2019. Inatarajiwa kwamba yataepusha ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi ya Selsiasi kufikia mwisho wa karne hii.

Ratiba hazifanani. Nchi tajiri zinatakiwa kupunguza HFC kwa asilimia 85 kufikia 2036. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwemo za Afrika, zilitakiwa kutozidisha kiwango chao kuanzia 2024, kisha kupunguza kwa asilimia 10 mwaka wa 2029, 30 mwaka wa 2035, 50 mwaka wa 2040 na 80 mwaka wa 2045. India, Pakistan na nchi za Ghuba, ikiwemo Oman, zimepewa muda zaidi, hadi 2047.

Badala ya HFC, watengenezaji wamerejea kwa gesi za asili. Propani, inayoitwa R-290, hutumika katika makabati madogo. Kwa kuwa hushika moto, kiasi kinachoruhusiwa kilikuwa gramu 150 tu hadi 2019, kiwango cha kimataifa kilipopandishwa hadi gramu 500 kwa masharti ya usalama. Maelfu ya supamaketi Ulaya hutumia kaboni dayoksaidi, na viwanda vikubwa hutumia amonia.

Wanunuzi wakubwa walichangia kuharakisha mabadiliko hayo. Kampuni ya Coca-Cola ilitangaza mwaka wa 2014 kwamba ilikuwa imeweka jokofu lake la milioni moja lisilotumia HFC. Kwa upande wa sheria, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku, kuanzia Januari 2022, uuzaji wa majokofu mapya ya biashara yanayojitegemea yenye HFC ambazo athari yake inafikia mara 150 ya kaboni dayoksaidi.

Hatari kwa Afrika

Soko moja linapofungwa, mashine zilizokataliwa hutafuta soko jingine. Ghana ilitambua hatari hiyo mapema. Ilipitisha kanuni za kuzuia majokofu na viyoyozi vilivyotumika mwaka wa 2008, na kuanza kuzitekeleza mwaka wa 2013. Sheria ya Ulaya ya 2024 nayo iliweka marufuku, kuanzia Machi 2025, ya kusafirisha nje baadhi ya mitambo ambayo haiwezi tena kuuzwa huko.

Kwa mfanyabiashara mdogo, mashine iliyotumika huvutia kwa bei. Lakini hesabu ya miaka mingi huweza kumwendea kombo. Chukulia kabati moja linakula yuniti 10 za umeme kwa siku na jingine yuniti 6. Tofauti ni yuniti 1,460 kwa mwaka, au 14,600 kwa miaka 10. Ikiwa yuniti moja ni Sh25, kabati la kwanza litamgharimu mwenyewe Sh365,000 zaidi, kiasi ambacho huenda kikazidi bei ya mashine yenyewe.

Gesi nayo ina gharama yake. Ulaya ilipopunguza kiwango cha HFC kilichoruhusiwa sokoni, bei ya R-404A ilipanda mara kadhaa katika miaka ya 2017 na 2018. Hali kama hiyo inaweza kutokea popote ratiba ya Kigali inapoanza kubana.

Aidha, kununua mtambo hakutoshi ikiwa mazingira hayaufai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Kilifungwa baada ya muda mfupi, kwani gharama ya kugandisha katika eneo lile la joto kali ilishinda thamani ya samaki wenyewe, na maji safi yalikuwa haba.

Mbinu mpya zinajaribu kuepuka kosa hilo. Nchini Nigeria, kampuni ya ColdHubs imeweka vyumba vya baridi vinavyotumia nguvu za jua katika masoko na mashamba, ambapo mkulima au mchuuzi hulipa ada kwa kila kreti kwa siku bila kununua mtambo. Nchini Kenya, SokoFresh hutoa huduma ya namna hiyo kwa wakulima. Jijini Kigali, kituo cha ACES kilianzishwa kwa ushirikiano wa Rwanda, Uingereza na UNEP ili kutoa mafunzo kuhusu teknolojia hii.

Mambo ya kuchunguza

Kabla ya kulipa, mnunuzi anashauriwa kusoma bamba la chuma lililobandikwa kwenye mashine. Hapo huandikwa aina ya gesi, kiasi chake na, mara nyingi, daraja la hali ya hewa. Kwa kabati dogo la kisasa, R-290 ni dalili nzuri. R-22 ni ishara kwamba mashine ni ya zamani na gesi yake iko njiani kutoweka sokoni.

Pili, aulize idadi ya yuniti za umeme ambazo mashine hutumia kwa siku, kisha azidishe kwa siku 365 na kwa bei anayolipia umeme. Tatu, ahakikishe kuna fundi aliye karibu mwenye ujuzi wa gesi hiyo, hasa propani, kwani kuikarabati bila mafunzo kunaweza kusababisha moto.

Matunzo nayo hupunguza gharama. Mabomba ya nje yakijaa vumbi, kompresa hulemewa. Kabati lililobanwa ukutani au kuanikwa juani hutumia umeme mwingi, na mpira wa mlango uliochakaa huingiza joto saa zote. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tundu dogo linalopitisha gesi, lisipozibwa mapema, humaliza gesi na hatimaye kuua kompresa.

Jokofu jipya linalonunuliwa mwaka huu huenda likawa bado linafanya kazi mwaka wa 2035, wakati nchi za Afrika zitatakiwa kuwa zimepunguza HFC kwa asilimia 30. Atakayekuwa na mashine ya gesi ya asili hataguswa na upungufu huo. Atakayekuwa amenunua mashine iliyokataliwa kwingine atalazimika kutafuta gesi adimu kwa bei ya juu, au kununua jokofu jingine kabla la kwanza halijazeeka.